Omada EAP225 mbili ndani ya nyumba ya mawe, Goma: mbona simu inang'ang'ania Wi-Fi ya mbali?

Bandugu, karibuni tena kwenye chaneli. Hizi nilizoshika ni akses pointi mbili, yaani vifaa vya kusambaza Wi-Fi, za Omada EAP225 kutoka TP-Link: visahani vyeupe vya kufunga kwenye dari. Mambo ya spidi nayaruka, mengi mnayajua. Leo nina jambo moja linaloniudhi kweli: unaongea WhatsApp saloni, unatembea hadi jikoni, kisahani cha pili kiko juu ya kichwa chako kabisa, na simu bado imeng'ang'ania kile cha saloni. Sauti inakatikakatika, halafu tunailaumu kampuni ya intaneti.

Tazameni skrini. Hii ni Android. Mipangilio, Kuhusu simu, gonga namba ya muundo mara 7, na menyu ya wasanidi programu inafunguka. Humo washa kumbukumbu za kina za Wi-Fi. Rudi kwenye orodha ya Wi-Fi: kila rezo, yaani mtandao, sasa ina namba yenye alama ya kutoa. Ndiyo nguvu ya mawimbi kwa dBm, na ikikaribia sifuri ni nzuri zaidi.

Saloni, -48. Natembea... mlangoni -55. Ukuta huu ni wa mawe ya volkeno, kama kuta nyingi za hapa mjini. Naupita... -67. Mmeona? Ukuta mmoja tu! Nyumba ya mbao haizuii mawimbi namna hii, kwa hiyo mwenye nyumba ya mbao asinakili namba zangu.

Sasa niko jikoni kwa -67 na simu haihami. Sababu ni kwamba anayeamua kuhama ni simu yenyewe, kisahani kinaweza kushauri tu. Apple wameandika wazi: iPhone inaanza kutafuta kisahani kingine nguvu ikishuka chini ya -70, na inahama ikipata kilicho bora kwa angalau dB 8 wakati data inapita, au 12 kama imetulia. Android zina mipaka yao, kila kiwanda na yake, ila mwendo ni huo huo. Kwa -67 simu inajiona iko sawa, haijaanza hata kutafuta.

Na hapa ndipo fundi wengi wanapokosea: wanapandisha nguvu ya kisahani hadi mwisho. Hapana, bandugu, hapana! Ukipandisha, mawimbi ya saloni yanafika jikoni na simu inazidi kubaki. Tena simu inatuma kwa nguvu ndogo: inakisikia kisahani, lakini jibu lake halifiki. Ndiyo maana unaona mistari mitatu na ukurasa haufunguki.

Tufanye kinyume. Kila kisahani kinatuma kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Kwenye mipangilio yake, Tx Power, yaani nguvu ya kutuma, ya 2.4 GHz naiweka Low, ya 5 GHz Medium. Kwa nini 2.4 iwe chini zaidi? Kwa sababu inapenya ukuta vizuri, na ikiwa na nguvu sawa simu itaikimbilia badala ya 5. Chaneli za 2.4 ni 1 kwa saloni na 6 kwa jikoni, upana 20 MHz. Nahifadhi, napiga simu tena, natembea. Mlangoni -61. Nyuma ya ukuta -74... subirini... imehama! Jikoni sasa ni -52, na maongezi yanaendelea. Narudi saloni tena muone si bahati... imehama tena. Hii naipenda sana!

Kuna pia Fast Roaming, yaani 802.11k na 802.11v: kisahani kinaipa simu orodha ya majirani ili isihangaike kupekua chaneli zote. Ila lazima uwe na kontrola, yaani msimamizi wa visahani vyote, ama kile kidude cha OC200, ama programu yao ya bure kwenye kompyuta. Kwa visahani viwili vya nyumbani, pesa ya OC200 iacheni kwanza, rekebisheni nguvu. Kwa hoteli au shule, nunueni.

Kizingiti cha RSSI, yaani nguvu ya mawimbi, kile cha kufukuza simu yenye mawimbi dhaifu, nilitaka kusema msikiguse. Basi, kwa simu kuukuu wekeni -80. Mkiweka -70, mtu aliye kwenye kona isiyo na kisahani kingine atafukuzwa, atarudi, atafukuzwa tena, siku nzima.

Wanaotumia ruta ya zamani kama kisahani cha pili, angalieni anwani ya IP ya simu. Saloni ikiwa 192.168.1 na jikoni 192.168.0, hata ihame haraka namna gani, maongezi yatakatika kwa sababu anwani imebadilika. Zima DHCP, yaani ugawaji wa anwani, ya ruta ya pili, na kebo ichomekwe tundu la LAN, si la WAN. Jina, neno la siri na aina ya usalama viwe sawa pande zote. Upande mmoja WPA2 na mwingine WPA3 peke yake, simu inaweza kuziona ni rezo mbili.

Bei: mkienda kununua Birere, mtaa wa biashara wa hapa Goma, adapta ya PoE imo ndani ya boksi, msikubali kuilipia mara ya pili. Umeme unapita kwenye kebo ya mtandao, kwa hiyo adapta zote mbili zikae karibu na ruta, kwenye betri moja, na umeme ukikatika nyumba nzima inabaki hewani. Visahani vya UniFi, vya kampuni ya Ubiquiti, navyo ni vizuri. Repetera zile za kuchomeka ukutani siziungi mkono, redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, spidi inaanguka nusu. Na mkiona mega zinaisha mkiwa nyumbani, simu imehamia data ya kampuni kimya kimya. Zimeni chaguo la kuhamia data wakati wa kupima.

Video ijayo ni ya kupitisha kebo kwenye parsele, yaani kiwanja, yenye mawe ya volkeno. Kwa leo niandikieni chini namba mbili: ya saloni na ya jikoni, na ukuta wa katikati ni wa nini. Nitawajibu ni nguvu kiasi gani ya kupunguza.