Miche ya mninga katika kitalu cha Ipuli, Tabora

Kitalu hiki kilichoko upande wa Ipuli kinauza miembe, mikaratusi na miti ya asili, lakini ninakiandikia kwa sababu ya mninga, mti ambao vitalu vingi huukwepa kwa kuwa wateja huudhani umedumaa.

Muuzaji hakunificha kitu. Aliniambia kwamba kiangazi kikifika shina litakauka hadi chini, na kwamba nisiung'oe mche. Ndivyo ulivyo: mninga mchanga hufa juu na kuchipua upya mwaka hadi mwaka, huku mzizi mkuu ukinenepa na kushuka, mpaka utakapoweza kutoa shina la kudumu. Katika nchi ambayo mvua za Novemba hukoma Aprili au Mei, na moto hupita porini mara kwa mara, miche iliyotumia nguvu zake zote kwa majani iliangamia kabla ya kuzaa, na iliyoweka akiba ardhini ndiyo iliyoacha mbegu. Huo ndio uchaguzi wa asili alioueleza Charles Darwin mwaka 1859, na unaonekana ndani ya kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche. Kimoja alinichania: mzizi ulikuwa mnene kuliko shina, umenyooka mpaka chini bila kujikunja, kwa sababu viriba vyao ni virefu. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati.

Kasoro yao ni ushauri wa upandaji. Hakuna aliyenitajia nyasi, wala aliyenionya nisichanganye mninga na mikaratusi. Maji ya udongoni hayana mwenyewe. Mmea unaofunga matundu ya majani yake ili uyabakize humwachia jirani ayanywe, na kwa hiyo panapokuwa na ushindani, uchaguzi wa asili huweza kuupendelea mmea unaokunywa upesi, hata kama wote wangefaidika kwa kubana matumizi. Nyasi, kwa mizizi yake mingi ya juujuu, huyawahi maji ya mvua kabla mche haujafika chini. Kisahani cha mita moja, yaani duara kuzunguka mche, kilichopaliliwa vizuri kingepaswa kutajwa kwa kila mnunuzi.

Anayetaka kivuli cha haraka achukue mwembe. Anayetaka mninga aende Desemba, mvua zikiwa zimekolea, na aombe viriba virefu vya safu ya nyuma.