UnReal World: gemu la Ufini na chanja la mjomba wangu Kilwa

Nyama ilikuwepo ya kutosha. Nilikuwa nimemwangusha hirvi, mnyama wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kama ng'ombe, baada ya kumfuata kwa nyayo msituni tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa. Nilimchuna, nikamkata vipande, nikachoma kidogo, nikala nikashiba, nikalala. Siku zikapita. Nilichochoma kiliisha, kilichobaki kikaoza, na mtu wangu akawa anatembea amedhoofu na njaa, wakati siku chache nyuma alikuwa na nyama asiyoweza hata kuibeba. Hakuufikia msimu wa baridi.

Mimi ni fundi friji. Nina karakana ndogo Temeke na huu ni mwaka wa 14 nafanya kazi hii. Mtu akinipigia simu saa 4 usiku, mara nyingi ni mama muuza samaki ambaye friza limegoma na ndani kuna mzigo wa asubuhi kutoka soko la samaki la Feri. Najua harufu ya mtaji unaoharibika. Kwa hiyo gemu linapoiweka nyama iliyooza kuwa ndiyo kiini cha mambo, kuliko bunduki na mazimwi, nalichukulia kwa uzito wote. Nimelicheza karibu mwaka mzima, usiku baada ya kazi, na naona halijasemwa vya kutosha.

Linaitwa UnReal World. Mfini mmoja, Sami Maaranen, alilitoa mara ya kwanza mwaka 1992, na mpaka leo bado analiongezea mambo, yeye na mwenzake Erkka Lehmus. Zaidi ya miaka 30 kazi ileile moja! Kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, liliingia mwaka 2016. Matoleo ya zamani wanayagawa bure kwenye tovuti yao, ukitaka jipya unalipia, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na gemu jipya la mpira. Mtaani kwetu vibanda vya gemu vimejaa mpira, na vijana kwenye simu wanarukia kisiwani kupigana risasi. Hayo nayo yana utamu wake. Ila nimeuliza kila ninayemjua anayecheza gemu, kuanzia Temeke mpaka Mbagala, sijampata hata mmoja aliyewahi kulisikia hili.

Laptopu yangu niliinunua Kariakoo imeshatumika, memori yake GB 4, haina kadi ya picha. Gemu hili linapita bila shida, na halifiki hata GB 1 kulipakua, bando la kawaida linatosha. Nalisema mapema kwa sababu mtu akisikia gemu la kuishi porini anafikiria mashine ya mamilioni. Picha zake ni za kutazama kutoka juu, miti na mawe vimechorwa vidogovidogo, mtu wako ni kikaragosi kinachosogea hatua moja moja. Usipobonyeza kitu, dunia inakungoja. Ukisogea, nayo inasogea.

Mahali ni Ufini ya kale, mwishoni mwa Zama za Chuma, kabla kanisa halijafika huko. Ni karne zilezile ambazo Kilwa Kisiwani walikuwa wanajenga msikiti wao mkuu wa mawe na kupiga sarafu zao za shaba. Ndani ya gemu hakuna sarafu. Ukifika kijijini unataka shoka, unabadilishana: ngozi, mishale, nyama iliyohifadhiwa, chochote wanachokihitaji. Nilipochimba zaidi nikakuta kwamba kwa Kifini neno la pesa ni "raha", na maana yake ya zamani ilikuwa ngozi ya mnyama yenye manyoya. Nilikaa na hilo jambo muda mrefu. Sisi raha ni raha, wao raha ilikuwa ngozi ya kindi iliyoning'inia ukutani.

Sasa niingie kwenye chenyewe.

Baada ya mtu wa kwanza kufa (na akifa amekufa, hakuna kurudia alipoishia, unaanza upya na mwingine) nilimtengeneza wa pili nikamwita Mshamu, jina la babu. Nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mteja: unataka chakula kikae muda gani? Nilitaka kifike mwisho wa baridi. Basi nikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nyama ikae miezi, lazima ibanikwe kwa moshi au ikaushwe. Kubanika kunataka nyumba yenye jiko la mawe ndani. Nyumba inataka magogo, na gogo moja tu ni mzigo wa kukuchosha. Magogo yanataka shoka zuri, na shoka zuri liko kijijini, linataka ngozi za kubadilishana. Halafu, na hapa ndipo nilipoinua mikono, nyama haining'inii hewani. Inataka kamba. Kila fungu la nyama na kamba zake. Nilikuwa na kila kitu: nyumba imesimama, kuni zimepangwa, hirvi mwingine yuko chini damu bado mbichi, na sina kamba.

Kamba unaikata kwenye ngozi iliyokwisha kutengenezwa. Ngozi mbichi haifai, nayo inaoza kama nyama. Unaipara kwanza kutoa mafuta na vipande vya nyama vilivyogandia, kisha unaipaka mafuta ya mnyama au unatumia magome ya mti, unaiacha muda wake, unarudi kuiosha na kuimalizia. Ukiharakisha au ukichelewa, ubora unashuka, na ngozi mbovu kijijini haikupi kitu. Tena mnyama wa msimu wa baridi ana manyoya mazito kuliko wa kiangazi, kwa hiyo ngozi yake ina thamani zaidi. Matoleo mapya yameongeza kusokota nyuzi za mimea, ikiwemo mmea mmoja unaowasha kama upupu, unaupata bure porini kama unajua ni wakati gani wa kuuchuma. Mimi sikujua. Mshamu alikaa anapara ngozi huku nyama inazeeka, na nilipopata kamba za kwanza, zilitosha robo tu ya mzigo.

Siku iliyofuata nikampigia mjomba wangu Kilwa Kivinje. Yeye ameishi kwa ng'onda maisha yake yote: anampasua samaki, anamfungua bapa, anamtia chumvi, anamlaza kwenye chanja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

Nikamweleza kwamba kuna gemu, mtu yuko Ulaya zamani, ana nyama nyingi na anataka kuikausha. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Hao watu hawana jua?"

"Wanalo mjomba, ila gemu linasema wakati wa joto haikauki, inaoza. Kukausha kunataka ubaridi."

Akanyamaza kidogo. "Ni kweli," akasema. "Nyama nene ile. Samaki namfungua mwembamba na chumvi nampa, jua linamwahi kabla nzi hajamwahi. Minofu ya ng'ombe bila chumvi, joto litaiozesha kwa ndani. Mwambie aibanike."

Maneno ya mjomba ndiyo yaleyale niliyoyasoma kwenye maelezo ya gemu. Mimi kazini naondoa joto, yeye kwenye chanja anaondoa maji, moshi nao unakausha huku ukiweka kitu ambacho vijidudu na nzi hawakipendi. Gemu limezibeba njia hizi zote, na kila moja limeifunga kwenye msimu wake na vifaa vyake. Chumvi ipo pia, ila huipati kila mahali. Moto wa kubanikia nao unataka kuwashwa kila siku kwa siku nyingi mfululizo, ukiuacha ukazimika siku kadhaa mzigo unaupoteza. Maana yake huwezi kwenda mbali kuwinda. Nyama uliyonayo inakufunga mguu usitafute nyingine. Mama yeyote anayebanika samaki wa biashara anakijua kifungo hicho.

Ziwa nalo lina mambo yake. Maji yakiganda unapita juu kwa miguu, safari ya siku mbili inakuwa ya nusu siku. Lakini barafu ya mwanzo wa msimu ni nyembamba. Mtu wangu wa tatu, niliyemjaribu pembeni huku Mshamu nimemhifadhi, alidumbukia jioni akiwa amebeba mzigo wa ngozi mgongoni, akatoka amelowa, na sikuwa nimekata kuni. Kuna mitego ya mashimo unayochimba na kuizungushia uzio ili mnyama aelekee mwenyewe, kuna nyavu za kutega usiku na kuangalia asubuhi, kuna mbwa wa kununua, kuna kilimo cha kufyeka na kuchoma ambacho mtu wa Rufiji akikiona hataambiwa maana yake. Kuna tambiko: unawaachia wenye msitu fungu lao kabla au baada ya kuwinda. Hapo sikuhitaji maelezo.

Mapigano yapo. Kuna watu wakali wanaoitwa Njerpez, ukikutana nao unachagua umpige wapi, mguuni au kichwani, na jeraha lako linachukua wiki kupona. Ni mazuri, lakini siyo yanayonirudisha usiku.

Kasoro zake nazisema wazi. Kila kitu ni kwa vitufe vya kibodi, na ni vingi, wiki ya kwanza nilikuwa na karatasi nimebandika pembeni ya skrini. Lugha ni Kiingereza peke yake, na maneno ya ngozi na mbao humo siyo yale tuliyofundishwa sekondari. Kuna mafunzo ya mwanzo ndani ya gemu, yafuate, usiyaruke kama nilivyoyaruka. Wanakijiji hawana mazungumzo ya maana, biashara na vijikazi viwili vitatu basi, na kwa gemu lenye watu wa makabila mbalimbali hilo linanisikitisha. Kubwa zaidi: ukishavuka baridi ya kwanza ukiwa na nyumba, shamba na mitego, ukali unapungua. Mwaka wa pili nilikuwa na nyama kuliko mahitaji, na ikabidi nijipangie mwenyewe kazi za kufanya. Mtu anayetaka hadithi yenye mwanzo na mwisho hataipata hapa.

Kama jambo hili limekuvutia lakini msitu wa Ufini uko mbali na wewe, yapo mengine mawili niliyoyaonja. NEO Scavenger la mwaka 2014 liko Michigan, Marekani, baada ya dunia kuharibika. Humo adui ni maji ya kunywa: usipoyachemsha unaweza kupata kipindupindu, na yeyote aliyekaa Dar wakati wa mvua za masika anaelewa kwa nini nilichemsha kila tone. Cataclysm: Dark Days Ahead ni la bure kabisa, linajengwa na watu wa kujitolea, lina vitu vingi mpaka nilipotea. Nitalirudia nikipata likizo. UnReal World nililirudia bila likizo.

Kulinunua nilitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, ikakubali mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilicheza toleo la bure miezi miwili, nami nakushauri uanzie huko. Lipe jioni tano. Ukiona moyo unakwenda mbio kwa sababu mawingu yamefunga na kuni zako ziko nje, lilipie. Ukiona unapiga miayo, hujapoteza senti.

Juzi umeme ulikatika saa 3 usiku, mtaa mzima giza, na betri ya laptopu ilikuwa imebakiza kidogo. Nikahifadhi haraka nikafunga. Nilipokuwa nimekaa kibarazani simu ikaita, ni mjomba. Siku hizi baada ya kuulizia watoto anamuulizia Mshamu.

"Mtu wako yu hai?"

"Yu hai mjomba. Jana kaangusha hirvi, na baridi ndiyo inaingia."

"Moto kawasha?"

"Kawasha."

"Kamba anazo ngapi?"

"Nne."

"Hazitoshi," akasema. "Kabla hujalala, mwambie apare ngozi."