Kusoma data ya fomu kwenye JAX-RS (kiwango cha Java cha kujenga huduma za wavuti): @FormParam au MessageBodyReader ya kujiandikia?
Fomu ikiwa na sehemu tatu nne, @FormParam inatosha: JAX-RS inasoma data na kukukabidhi thamani. Zikiwa nyingi, @BeanParam, iliyokuja na toleo la JAX-RS 2.0 mwaka 2013, inazikusanya kwenye kitu (object) kimoja.

MessageBodyReader, yaani msomaji wa mwili wa ombi, ina kazi zaidi. Unaandika klasi yenye @Provider, alama inayoitambulisha kwa JAX-RS. Mbinu yake isReadable inaamua kama aina ya data iliyokuja inaihusu (ikijibu true ovyo, itadaka hata fomu za wasomaji wengine), na readFrom inasoma mkondo wa baiti na kuunda kitu. Inalipa pale majina yanapokuja kama anwani[0].mtaa, ambayo @FormParam haiwezi kuyageuza kuwa orodha ya vitu. Ila mkondo husomwa mara moja tu: kichujio (filter) kinachopitia ombi kabla yake kikiita getParameter, ambayo nayo husoma data ya fomu, readFrom itakuta patupu. Kwa fomu za kawaida, mimi sihangaiki nayo.