Unga wa laisini kwa nguruwe anayenyonyesha: nimeupima mbele yenu

Karibuni tena, wafugaji wenzangu. Mezani nina mfuko wa kilo 1 wa unga wa laisini, ile asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo nguruwe anayenyonyesha huipungukiwa kabla ya nyingine zote anapolishwa mahindi na pumba. Nimeungoja kwa hamu mwezi mzima, kwa hiyo naanza moja kwa moja na bilauri.

Tazameni. Natia kijiko kimoja cha chai katika maji safi, nakoroga, na chembe zote za kahawia iliyofifia zimetoweka, maji yamebaki maangavu. Bilauri hii ya pili ina unga niliouziwa mwaka jana kutoka kwenye gunia lililokwisha kufunguliwa; sogeeni muone tope jeupe lililotuama chini. Laisini halisi huyeyuka upesi, ilhali unga wa mahindi na chokaa hutuama. Jaribio hili halimnasi aliyechanganya chumvi, lakini lingeniokolea fedha nyingi, na ndiyo maana nalirudia tena polepole: kijiko, maji, koroga, subiri dakika tano.

Kinachoniudhi ni maandishi haya ya mfukoni: protini asilimia 95. Namba hiyo hupatikana kwa kupima naitrojeni na kuizidisha, kisha mfugaji huisoma kama ruhusa ya kuacha soya. Kilo hii ina takriban gramu 780 za laisini, karibu sawa na iliyomo katika kilo 28 za mashudu ya soya, na kwa kipimo hicho mnaweza kulinganisha bei dukani kwenu; lakini haina asidi amino nyingine kama threonini, valini wala triptofani, na chungu hakikai juu ya figa moja.

Tupige hesabu. Jike mwenye watoto 10 wanaokua vizuri huhitaji karibu gramu 50 za laisini kwa siku. Akila kilo 3 za mahindi, 1 ya pumba na 1 ya mashudu ya alizeti, hupata kama gramu 22 tu, na kwa kuwa watoto hawaachi kudai maziwa, sehemu kubwa ya pengo huichota katika misuli yake mwenyewe. Ndiyo sababu watoto wanapoachishwa ziwa mgongo wake umechongoka, na badala ya kurudi kwenye joto, yaani kuwa tayari kupandwa, ndani ya siku 4 hadi 7 anakawia, na uzao unaofuata huweza kupungua. Nikiweka kilo 1 ya mashudu ya soya mahali pa alizeti nafika gramu 40 hivi, na gramu 13 za unga huu zinanifikisha 50.

Nilipoanza kurekodi nilikusudia kumshauri kila mfugaji aununue. Sasa naona mwenye majike wawili, asiye na mizani ya kupima gramu, atafanya vizuri zaidi kununua konsentreti ya nguruwe, yaani mchanganyiko wa virutubisho ulio tayari wa kuongeza kwenye nafaka, hata kama ni ghali, mradi lebo yake itaje laisini na threonini kila moja peke yake. Dagaa nao wana laisini nyingi, ila wapepeteni mchanga kwanza.

Jumamosi tutazungumzia maji, kwa sababu jike huyu hunywa zaidi ya lita 20 kwa siku. Mtakaochanganya leo, changanyeni unga na kilo 2 za pumba kwanza, ndipo mmimine katika chakula chote na kugeuza kwa koleo.