unDraw na Open Peeps kwenye programu za Zanzibar: michoro ni ya bure, kazi ya kuimalizia ni yako

Anayetengeneza programu ya tiketi za boti za Malindi na Mkoani, au tovuti ya hoteli ndogo ya Paje, mara nyingi hana bajeti ya mchoraji. Anaingia unDraw au Open Peeps, anapakua mchoro, anaubandika kwenye skrini, kazi imekwisha. Hazina hizi mbili za michoro mtandaoni ni nzuri na tunazipendekeza, lakini kila moja ina kazi yake, na hakuna inayofaa kuwekwa kama ilivyopakuliwa.

unDraw ilianzishwa na Katerina Limpitsouni mwaka 2017. Unatafuta mada, unachagua rangi kuu, unapakua faili la SVG (mchoro unaokuzwa bila kufifia) au PNG (picha ya kawaida). Unaruhusiwa kuutumia mchoro kwenye kazi ya biashara bila malipo na bila kumtaja mchoraji. Usichoruhusiwa ni kuikusanya michoro hiyo na kuiuza upya, au kuitumia kujenga huduma inayofanana na yao. Open Peeps ya Pablo Stanley ilitoka mwaka 2020 chini ya leseni ya CC0, yaani unaifanyia utakalo. Hii imechorwa kwa mkono, mistari myeusi juu ya nyeupe. Vichwa, nyuso na miili vimetenganishwa, nawe unamjenga mtu umtakaye: aliyesimama, aliyekaa, au kuanzia kifuani kwenda juu.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo unDraw inapowaponza wengi. Rangi yake ya kuanzia ni zambarau yenye msimbo #6C63FF. Mtengenezaji huipenda, akaipaka kwenye vitufe na maandishi ili skrini nzima ilingane na mchoro. Tatizo ni kwamba zambarau hiyo juu ya nyeupe ina utofauti wa mwangaza wa kama 4.3 kwa 1, na WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, unadai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida. Ndani ya afisi huoni kasoro. Msomaji akisimama kwenye jua la saa saba bandarini, akiwa na simu ya bei nafuu, maandishi yanafifia. Chagua rangi nzito zaidi kabla ya kupakua. Kwa mfano #0F5C5C, kijani kinachoelekea bluu, inapita 7 kwa 1 juu ya nyeupe na inakaa vizuri kwenye mchoro pia.

Kichagua rangi cha unDraw hubadilisha rangi kuu tu. Ngozi na nywele zinabaki zilivyo, na katika michoro mingi ngozi ni #FFB8B8 au #A0616A. Lifungue faili la SVG ndani ya Figma (programu ya kubuni skrini), chagua mchoro wote, kisha tazama upande wa kulia: rangi zote zilizotumika zimeorodheshwa, na ukibadilisha moja inabadilika kila ilipo. Kwa ngozi njia hiyo inatosha. Kwa nywele haitoshi, kwa sababu #2F2E41 hutumika kwenye nywele na pia kwenye suruali na viatu. Ukiigusa kwenye orodha, suruali na viatu navyo vinageuka rangi. Bofya kwanza umbo la nywele lenyewe, halafu ndiyo ubadilishe.

Ushungi unachorwa kwa umbo moja tu: anzia juu ya paji la uso, shuka hadi mabegani, acha uso wazi. Lakini futa nywele kwanza, na uzifute zote. Mara nyingi zimechorwa vipande viwili, kimoja mbele ya kichwa na kingine nyuma yake, na hicho cha nyuma ndicho kinachosahaulika kikachomoza shingoni.

Kwa upande huu Open Peeps imetutangulia. Vichwa vyenye hijabu vimo, na vya nywele za kusuka vimo. Kofia ya kiua, kanzu na baibui hutazipata. Ukiamua kuziongeza, usizichore kwa mstari ulionyooka wa kompyuta, kwani mkono wa Open Peeps unatetemeka kidogo na wino wake una sehemu nene na sehemu nyembamba, hivyo kanzu yenye mistari sawasawa itaonekana imeazimwa kwingine. Ichore kwenye karatasi nyeupe kwa kalamu nyeusi, ipige picha mahali penye mwanga usio na kivuli, iingize kwenye programu ya kuchora ya Inkscape, bonyeza Shift+Alt+B na uifuatishe kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari kama SVG. Ikitoka na vinukta vingi vichafu, punguza kizingiti cha mwangaza ufuatishe tena.

Kasoro kubwa ya unDraw ni mtindo. Watu wa rangi bapa, wasio na sura mahsusi, walienea kwenye programu baada ya Facebook kuzindua michoro yake ya Alegria, iliyotengenezwa na studio ya Buck, mwaka 2017. Leo benki, hospitali na tiketi ya boti zinavaa sura moja. Dribbble, tovuti ambako wabunifu huonyesha kazi zao, haitakutoa hapo, kwa sababu nyingi ya kazi zake zinaonyesha skrini moja iliyopambwa, si kilichotokea kabla yake wala baada yake. Mobbin inasaidia zaidi: ina skrini za programu zinazotumika kweli, zikifuatana hatua kwa hatua.

Na kwa mpangilio, itazame kanga. Pindo inazunguka, mji uko katikati, jina liko chini kwa sentensi moja. Picha haiirudii sentensi, na sentensi haiielezi picha. Skrini ya "Huna tiketi bado" inahitaji mgao huohuo: mchoro mmoja, sentensi moja, kitufe kimoja. Usiandike maneno ndani ya mchoro wenyewe. Kiswahili kinarefuka, na "Thibitisha malipo" haitaingia kwenye kibao kilichochorwa kwa neno la herufi tatu.

Kuna na sababu ya kiufundi. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, ikigeuza SVG kuwa vekta ya Android, haipokei maandishi hai, yaani herufi zisizogeuzwa kuwa maumbo. Yanapotea, na usipokuwa makini unagundua programu ikiwa tayari mikononi mwa watu. Google inashauri vekta isizidi dp 200 kwa 200 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini), kwa sababu kubwa zaidi huchelewa kuchorwa skrini inapofunguka. Michoro ya unDraw huja mikubwa kuliko hapo, kwa hiyo weka upana wa dp 200 wakati wa kuiingiza, na ufute majani, mawingu na vyungu vya maua vya pembeni, ambavyo kwa ukubwa huo havionekani hata hivyo.

Uamuzi wetu: unDraw kwa mifumo ya ofisini na kurasa za maelezo, ambako mada nyingi zinahitajika haraka. Open Peeps kwa chochote kinachozungumza na mtu moja kwa moja: kliniki, skuli, malipo. Usizichanganye kwenye programu moja. Kabla ya kukabidhi, iweke kila skrini kwenye fremu ya upana wa 360 na urefu wa 640. Kitufe, chenye urefu usiopungua dp 48, kionekane bila kusogeza. Kisipoonekana, punguza mchoro, usiguse ukubwa wa maandishi.