Gari la Viti Saba la Kuongezewa Kasi: Kagua Giaboksi Kabla ya Injini

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji walioongezea kasi magari yao ya zamani ya familia yanafanana mno. Mtu hununua gari la viti saba, akabadilisha ekzosi, akapangiwa upya kompyuta ya injini, akalifurahia kwa muda, kisha gari likaanza kusitasita kila linapobadilisha gia, na mwishowe likagoma kwenda huku injini ikinguruma vizuri kabisa. Kilichokufa ni giaboksi, na hakuna aliyeitaja siku ya mauziano.

Kwa sababu hiyo sitapima hapa ulaini wa viti, ulaji wa mafuta wala ukubwa wa buti, kwani hayo kila mnunuzi anajua kuyaangalia. Nimeyapanga magari haya kwa kigezo kimoja tu: uwezo wa giaboksi yake kustahimili joto pale injini inapoongezewa nguvu na viti vyote vinapokuwa na watu.

Chanzo cha joto hilo kinaeleweka. Katika gari la otomatiki, nguvu ya injini hupita kwenye toki konveta, yaani kifaa kinachopeleka nguvu kwenye giaboksi kwa kuzungusha oili, na injini inapozunguka kwa kasi kuliko giaboksi, kama ilivyo wakati wa kuondoka au kupanda mlima na mzigo, tofauti hiyo huchapa oili na kugeuka joto. Katika magari mengi ya aina hii oili hupozwa na bomba lililomo ndani ya rejeta, lakini maji ya rejeta yenyewe huwa karibu nyuzi 90, kwa hiyo oili haiwezi kushuka chini sana ya hapo. Ikishapita nyuzi 120 kwa muda mrefu huanza kuharibika, huwa nyeusi, hunuka kuungua, na klachi za ndani huanza kuteleza, jambo linalozalisha joto zaidi. Mwaka 2004 Honda iliyaita karakanani magari zaidi ya milioni moja nchini Marekani, yakiwemo Odyssey ya V6 (injini ya silinda sita) ya soko hilo, kwa sababu gia ya pili ilikuwa ikipata joto kali na ingeweza kuvunjika. Magari hayo hayakuwa yameongezewa chochote. Yalikuwa yakipeleka watoto shule.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Estima ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, yenye injini ya V6 ya lita 3.5 aina ya 2GR-FE. Sifichi kwamba naipendelea Toyota kwa kazi hii. Injini hiyo hutoa takribani nguvu farasi 280 na msokoto wa newtonmita 344 kabla hujaigusa, na giaboksi yake ya gia 6 haikulazimishwa kubeba kitu kilichoizidi. Lotus iliichagua injini hiyohiyo kwa gari lake la Evora la mwaka 2009, na baadaye ikaifunga supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, inayozungushwa na injini yenyewe), kwa hiyo ujuzi wa kuiongezea nguvu upo na sehemu zake za ndani zimekwisha kupimwa. Zipo kasoro mbili za kuzijua. Injini za miaka ya mwanzo zina bomba la oili la VVT-i, mfumo wa kurekebisha wakati wa valvu kufunguka, lenye kipande cha mpira kinachoweza kupasuka na kumwaga oili yote ya injini. Libadilishe kwa bomba la chuma kitupu kabla ya jambo jingine lolote. Pia plagi za upande wa nyuma hazifikiki bila kufungua manifoldi ya juu, na ndiyo maana gari nyingi huuzwa zikiwa na plagi mpya mbele na kuukuu nyuma.

Ya pili ni Opel Zafira OPC ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2005 ikiwa na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi), lita 2.0, nguvu farasi 240 na giaboksi ya mkono ya gia 6. Mwaka 2006 ilizunguka Nürburgring, njia ya mbio ya Ujerumani, kwa takribani dakika 8 na sekunde 54. Klachi ya kukanyaga huondoa kabisa tatizo la toki konveta, lakini giaboksi yake, M32, inajulikana kwa beringi zinazolika, hasa upande wa gia ya juu. Tazama mkono wa gia unapokanyaga na kuachia mafuta: ukicheza mbele na nyuma, beringi zimeisha, na bei lazima ishuke kwa gharama ya kuifungua yote.

Mazda MPV ya mwaka 2006 yenye tabo, lita 2.3 na nguvu farasi 245, ingeshika nafasi ya juu zaidi kama mnyororo wake wa taiming na pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa visingekuwa na sifa mbaya. Baada yake ni Honda Odyssey Absolute ya kizazi cha mwaka 2003, fupi kwa kimo na thabiti kwenye kona, mradi uhakikishe ni ile ya gia 5, kwa sababu toleo la kawaida la magurudumu ya mbele lilikuja na CVT. Giaboksi ya CVT hutegemea mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na ukiiongezea nguvu mkanda huteleza na kukwaruza puli. Usinunue CVT kwa kazi hii hata ukipunguziwa bei nusu.

Kwa wenye fedha kidogo ipo Toyota Previa ya miaka ya 1990 yenye supachaja, ambayo injini yake imelazwa chini ya viti vya mbele na kuihudumia ni mateso, na ipo Dodge Caravan ya mwaka 1989 au 1990 yenye tabo na nguvu farasi 150.

Lolote utakalochagua, fedha ya kwanza baada ya kununua iende kwenye kipozeo cha oili cha nje, kilichofungwa baada ya kile cha ndani ya rejeta, chenye valvu ya kuzuia oili isibaki baridi mno asubuhi. Breki zifuate, kisha tairi zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari lililojaa, kisha shokapu. Kompyuta ya injini iguswe mwisho kabisa.

Wauzaji ndio wanaonikera zaidi. Wanaosha injini mpaka ing'ae, wanabandika nembo ya toleo la bei ya juu kwenye gari la kawaida, na ukiuliza kuhusu oili ya giaboksi wanajibu kwamba huwekwa kiwandani na kudumu maisha yote. Kauli hiyo imeua giaboksi nyingi kuliko mbio zote. Wengine humwaga oili iliyoungua siku moja kabla ya kukuonyesha gari, ili uone nyekundu safi. Dawa yake ni kuliendesha kwa nusu saa likiwa na watu wote saba, mlimani ikiwezekana, huku umeunganisha kifaa cha kusomea joto la oili ya giaboksi. Kisha simama, weka rivasi. Likichukua zaidi ya sekunde moja kushika, au likishika kwa kishindo, mrudishie ufunguo wake.