Betri za kontena kwenye gridi: uzoefu wangu, na pale ambapo maji bado yanazishinda

Kwa kazi ya kuhifadhi umeme wa gridi na kuutoa kwa saa mbili hadi nne, betri za lithiamu-chuma-fosfeti (LFP) nazipa alama za juu. Frikwensi ikiyumba, zinaitikia ndani ya sekunde moja.

Ila muuzaji akikutajia ufanisi (umeme unaorudi ukilinganisha na ulioingiza) wa asilimia 95, muulize kaupimia wapi. Mara nyingi ni kwenye seli zenyewe. Funga mita upande wa gridi, baada ya inverta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa gridi) na transfoma, ujumlishe na umeme wa mitambo ya kupoza, utakuta kama 85. Tena upozaji unakula umeme hata siku betri imekaa bure.

Kero yenyewe hasa ni kujua chaji iliyobaki. Volteji ya seli ya LFP inaganda karibu na volti 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo haikuambii kitu. Mfumo unahesabu mkondo unaoingia na kutoka, na kosa dogo linajilimbikiza kila siku. Skrini inaonyesha asilimia 25, mara seli moja dhaifu inagusa kikomo cha chini na rafu nzima ya seli inajikata, wakati gridi inakutegemea. Dawa yake ni kuijaza hadi 100 mara kwa mara na kuiacha hapo mpaka seli zisawazike. Saa hizo huuzi umeme, basi ziingie kwenye mkataba.

Msichanganye pia megawati (nguvu ya kutoa umeme kwa wakati mmoja) na megawati-saa (jumla ya umeme uliohifadhiwa). Betri ya Hornsdale, Australia, ilipoanza 2017 ilikuwa na megawati 100 na megawati-saa 129: ukiitoa kwa nguvu zote, saa moja na robo hivi imekwisha.

Ukitaka saa nane au kumi, nenda kwenye mabwawa mawili, la juu na la chini: unapandisha maji kwa pampu umeme ukizidi, unayateremsha kuzungusha mitambo ukiuhitaji. Ufanisi ni asilimia 70 hadi 80, lakini mitambo inadumu miongo. Shida ni mlima: megawati-saa moja kwa kimo cha mita 100 inadai kama mita za ujazo 3,700 za maji, hata kabla ya hasara.

Betri za vanadi, zinazohifadhi umeme kwenye kimiminika kinachosukumwa na pampu, zinavumilia kumalizwa chaji kabisa, ila pampu zake zinakula umeme na kimiminika chake ni tindikali. Kagua viungo vya mabomba. Magurudumu ya kasi, yanayohifadhi nishati kwa kuzunguka, ni ya sekunde na dakika tu, usiyashindanishe na hizi.

Kwenye zabuni, dai megawati-saa zitakazokuwa zimebaki mwaka wa 10, zilizopimwa kwenye mita ya gridi.